Duara la Kijani Mahali pa Nyumba Yetu

Mimi ni mtoto wa kwanza. Baba alikufa angali anafanya kazi ya reli, mama akamfuata kabla majani hayajaota vizuri juu ya kaburi lake, nami nikaacha shule katika mwaka wa pili wa sekondari ili nishike jiko. Chini yangu alikuwa mdogo wangu wa kiume, sauti yake ikianza kukwaruza, na kitinda mimba wetu, msichana aliyekuwa bado ana meno ya utotoni.

Matanga ya mama yalipokwisha, ndugu walikaa uani kutugawana. Nasema kutugawana kwa sababu ndilo neno walilotumia wenyewe, na hawakulitumia kwa ubaya. Watoto hawaachwi hivihivi. Mjomba, kaka ya mama, alikuwa ameshuka kutoka Kirungu kwa miguu mpaka bandari ya Moba, akapanda boti. Shangazi alikuwa amekuja kwa treni kutoka Kabalo. Walipatana haraka. Mdogo wangu angekwenda Pepa, kwa ndugu mwenye ng'ombe. Kitinda mimba angepanda Kirungu na mjomba. Mimi ningekwenda Kabalo kuuza unga karibu na kituo.

Niliangalia wadogo zangu. Walikuwa wanakula kwenye sahani moja, hawasikilizi. Nikasema, "Mjomba, nyumba iko."

"Iko namna gani?"

"Baba alijenga. Iko na mulango, iko na mabati. Uniache nayo, nitakaa na hawa."

"Utawalisha nini?"

"Samaki. Nitanunua mubichi ufukweni, nitakausha, nitauzia watu wa treni. Mama alifanya hivyo."

Mjomba aliinuka, akaizunguka nyumba akiipigapiga kwa kiganja, kama mtu wa milima ya Marungu anavyompiga ng'ombe mbavuni kabla ya kumnunua. Alirudi akakaa.

"Sawa," alisema. "Nyumba ikisimama, mubaki. Siku itaanguka, nakuja kuwachukua, na usinililie."

Hivyo ndivyo nyumba ilivyokuwa kwangu zaidi ya nyumba. Ilikuwa ya matofali mabichi juu ya msingi wa mawe, kwenye mtelemko wa kilima, na kutoka mlangoni uliona paa za kituo cha reli na nyuma yake ziwa. Baba alikuwa na haki ya kukaa katika nyumba za kambi ya wafanyakazi, akakataa. Alisema nyumba ya kazi inakwisha na kazi. Mlango aliuchonga mwenyewe kwa mbao nzito za reli, nyeusi, zenye harufu ya mafuta ambayo haikutoka hata siku za mvua. Kila tulipoufungua tulimnusa.

Watu wa mipango ya mji walikuja mwanzoni mwa kiangazi. Walikuwa na chombo cha miguu mitatu, kamba, vijiti vilivyopakwa rangi nyekundu, na kopo la rangi hiyohiyo. Mkubwa wao alivaa abakosti, koti la watu wa serikali, ya kijivu, iliyofungwa mpaka shingoni katika jua lile. Hakuwa mtu mkali. Aliniamkia vizuri, kwa neno la serikali la kumwita raia.

"Sitwayeni, papa wa hapa yuko wapi?"

"Amekufa."

"Na mama?"

"Naye."

Akanionyesha kichwa cha kilima na ziwa chini. "Muji huu utakuwa mukubwa. Miaka makumi mbili inayokuja, watu watajaa mpaka kule nyuma ya kilima. Watapita wapi? Lazima avenyu, pana, toka juu mpaka bandarini. Tunaipangia leo, hata kama tutaijenga kesho."

Aliifungua karatasi kubwa juu ya mtungi wangu wa maji. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile. Ziwa lilikuwa la bluu, mto Lukuga ukitoka ndani yake kama utepe, soko limekaa mahali pake, mashule, uwanja wa mpira, na avenyu imenyooka. Nilitafuta nyumba yetu. Niliona duara dogo la kijani.

"Hii ni nini?"

"Ni muti," alisema kwa furaha. "Kando ya avenyu tutapanda miti. Watu watatembea kivulini."

Kijana wake alichovya burashi, akachora msalaba mwekundu ukutani kando ya mlango wa baba. Rangi ilitiririka kidogo kwenye mkono mmoja wa msalaba, ikakauka hivyo. Kamba ya avenyu ilipita mbele ya mlango wetu, na upana wake uliimeza nyumba yote mpaka nyuma, mahali walipopigilia kijiti chekundu, katikati ya nyumba na jiko la mama. Kisha yule mkubwa akatoa agizo, kwa sauti ileile ya upole: nyumba yenye msalaba isijengwe, isipakwe udongo, isitengenezwe, mpaka serikali iamue.

"Na mukivunja, tutakwenda wapi?"

"Mutapewa kiwanja kule juu. Siku katapila itafika, mutaambiwa."

Walikwenda kwa jirani. Kitinda mimba wetu alisimama mbele ya ukuta muda mrefu. Msalaba aliokuwa anaujua ni ule wa makaburini.

"Yaya," aliniuliza, kama tunavyomwita dada mkubwa, "humu ndani wamezika nani?"

Tangu siku ile niliishi nikisikiliza. Chini kituoni mabehewa yalipogongana, niliacha kisu juu ya samaki nikatoka nje, nikifikiri ni katapila. Lori likihangaika kupanda kilima, niliwaita wadogo zangu watoke ndani. Usiku sikuogopa, kwa sababu nilijua katapila haivunji gizani, niliogopa asubuhi. Wadogo zangu walijifunza kutoka kwangu. Mdogo wangu alianza kuficha sufuria chini ya kitanda kila alipotoka, eti zisivunjwe na ukuta.

Ng'ambo ya njia aliishi mama mmoja mfanyabiashara wa ziwa, aliyehama kutoka kaskazini, upande wa Fizi, na mume wake mvuvi. Nyumba yake haikupata msalaba. Iliachwa nje ya kamba kwa hatua chache tu, na jambo hilo lilimchoma.

"Wewe watakupa kiwanja kule juu kwenye hewa nzuri," aliniambia akiwa ameshika kiuno, "mimi nibaki huku nanuka samaki wa ndakala! Nimekosea nini serikali?"

"Mama, nikupe msalaba wangu?"

"Hapana, nitachora wangu."

Na alichora kweli, kwa udongo mwekundu, mkubwa kuliko wetu. Mume wake alirudi ziwani, akaukuta, akauliza kama nyumba imekuwa parokia. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu matanga, na nilipomaliza kucheka nilikumbuka, hofu ikarudi mahali pake.

Maana nilikuwa nimebanwa pande mbili. Serikali ilisema nyumba isitengenezwe. Mjomba alisema isianguke. Na nyumba ya matofali mabichi haikai bila mkono wa mtu. Kila mwaka, kabla ya mvua, huipaka udongo upya, la sivyo maji huila. Nilianza kupaka ndani, mahali ambapo hakuna mtu wa biro, ofisi ya mipango, angeona. Nje kuta zilibaki zinapasuka.

Mjomba alikuja kututembelea katikati ya kiangazi kilekile. Jirani yetu ndiye aliyemwona akitoka bandarini na fimbo yake, akapiga kelele toka njiani: "Mjomba wenu ameshuka! Na kapu la maharage!" Sisi watatu tulikimbilia ukutani. Tulitundika mkeka wa kuanikia samaki juu ya msalaba, ukiwa bado na magamba.

Mjomba aliketi palepale, mgongo kwenye mkeka. Aliongea habari za Kirungu, baridi, mahindi, mtoto wa nani kaoa nani. Kila aliposogea, mkeka ulisogea naye, na mimi niliona ncha ya msalaba ikitokea juu ya bega lake, nyekundu, kisha ikijificha.

"Kwa nini mumetundika mukeka ukutani?" aliuliza mwishoni.

Kitinda mimba akasema, "Ukuta unasikia baridi, mjomba."

Alicheka, akamweka kwenye goti. Jioni aliipigapiga nyumba kwa kiganja kama mara ya kwanza. Kipande cha udongo kilibanduka, kikaanguka mguuni pake. Alikiangalia, akaniangalia mimi. "Kabla ya mvua upake," alisema. Nikaitika.

Katapila haikufika. Kilichofika ni salongo, kazi ya lazima ya watu wote. Jumamosi moja, mkuu wa avenyu, kiongozi wa mtaa wetu, alipiga filimbi asubuhi na kutangaza kwamba mji ungeanza avenyu kwa nguvu za wananchi wenyewe. Kila nyumba ilete jembe. Tuchimbe mfereji wa maji kufuata kamba, toka juu mpaka chini, ili siku mashine itakapokuja ikute mstari.

Nilichukua jembe la mama. Nilichimba mbele ya mlango wetu kwa mikono yangu, wakati msalaba unaniangalia mgongoni.

Kilima chetu kina watu waliolima kwenye mitelemko tangu utoto wao. Hakuna hata mmoja wao, katika shamba lake, angepeleka maji moja kwa moja chini, angeyazungusha. Lakini siku ile hapakuwa na shamba, palikuwa na kamba, na kila mtu aliilinda kamba dhidi ya jirani yake. Walipofika kwenye jiwe kubwa juu yetu, mzee mmoja alitaka mfereji ulizunguke. Watu wakapiga kelele.

"Kamba isipinde!"

"Unapindisha uende kwangu, eh? Nyumba yako imekuwa ya gavana?"

"Papa, mimi nataka maji yapunguze mbio tu."

"Maji yakimbie! Tunyoshe!"

Walilivunja jiwe kwa nyundo, na baada ya jiwe walipita katikati ya kichuguu, kisha katikati ya shamba la mihogo la mtu aliyekuwa analia. Kwa sababu hakuna aliyekubali kwamba upinde wa kamba ungekuwa wa haki, mfereji ulishuka kilimani umenyooka kama ulivyokuwa kwenye karatasi. Jioni mkuu wa avenyu alisimama juu, akautazama, akasema, "Njo hivi, ni hivi muji unajengwa."

Mvua ya kwanza ilinyesha mchana, watu wakitoka kanisani. Tulisimama mlangoni tukaona maji yakija kutoka juu ya kilima, ya rangi ya chai ya maziwa, yakiwa yamepata njia. Hayakuimba kama maji ya mvua. Yalinguruma. Yalipopungua, mfereji ulioishia magotini siku ya salongo ulinifika kiunoni. Mvua ya pili ilikata ukingo wa upande wetu. Mvua iliyofuata ilichukua nyumba ya kwanza, juu yetu, ya watu wazee waliokuwa wametoka kwenda shambani. Walirudi wakakuta mlango umesimama na nyuma yake hakuna kitu.

Mkuu wa avenyu alikwenda biro kueleza. Alirudi na jibu kwamba mpango haujabadilika na nyumba zenye msalaba bado zisitengenezwe.

Ufa ulitokea katika ukuta wetu wa mbele, toka pembe ya mlango mpaka kwenye msalaba. Asubuhi niliweka kidole ndani. Jioni kiganja kiliingia. Nikawa naamka, kabla ya kuwasha moto, nakwenda kuupima kwa mkono wangu. Sikuwa na hofu ya kufa. Nilikuwa naona kwa macho yangu mdogo wangu akichunga ng'ombe wa watu Pepa katika ukungu, na kitinda mimba akiamka Kirungu, ananiita, mtu mwingine anaitika.

Nilikwenda ukingoni kumwita jirani. Mfereji ulikuwa umekuwa bonde, tukawa tunaongea kwa kupaza sauti, kila mmoja upande wake.

"Mama! Nyumba inakwenda!"

"Naiona! Hamisha watoto!"

"Nihamishe wapi? Wamekataza kujenga!"

"Walikataza mbele ya kijiti!" alinijibu, mkono ukionyesha nyuma ya nyumba yetu. "Nyuma ya kijiti si ya serikali, ni ya choo yenu! Jenga kwenye choo!"

Alitaka kunichekesha tu, lakini nilirudi uani nikasimama mbele ya kijiti chekundu. Nyuma yake kulikuwa na jiko la mama. Kuta fupi, nyeusi kwa moshi, paa la majani, kwenye ardhi inayopanda kuelekea mwamba. Hapakuwa na msalaba pale. Kwenye karatasi ya yule bwana, pale palikuwa peupe.

Nilimwita mdogo wangu.

"Tunatoa mabati," nilimwambia.

Alifikiri nimechanganyikiwa. "Yaya, tukitoa mabati nyumba inakufa. Mvua moja tu."

"Najua."

"Na mjomba alisema—"

"Najua alichosema."

Sijui kama nimewahi kuogopa tena kama nilivyoogopa asubuhi ile nikiwa juu ya ngazi, nang'oa msumari wa kwanza. Kila usiku nilikuwa nimeomba Mungu nyumba isimame, na sasa nilikuwa naivua kofia kwa mkono wangu. Misumari ililia ikitoka. Kitinda mimba aliiokota mmojammoja, akainyoosha kwa jiwe. Watu walisimama njiani kutazama. Mmoja alisema watoto wa reli wameuza mabati ya baba yao. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya ziwa, upande wa Kigoma, na nilihesabu mabati badala ya kuyaangalia.

Tuliinua kuta za jiko kwa matofali tuliyoyatoa katika kuta za ndani, yale makavu niliyokuwa nimeyapaka kwa siri. Udongo wa kuyashika tuliuchukua kwenye bonde lenyewe. Mume wa jirani alizunguka kutoka juu kabisa, mahali ambapo bado pangeweza kuvukika, akaja na kamba za nyavu kufunga boriti. Mwisho tulitoa mlango wa baba. Ulikuwa mzito sana, tukaubeba kama watu wanaobeba mgonjwa, tukaukata chini kidogo ili uingie. Nilipoufunga na kusimama ndani, gizani, nilimsikia baba kwa pua.

Mvua ilikuja tukiwa bado tunaziba mashimo. Tulikaa chumbani, magoti kwa magoti, sufuria kati yetu. Tulisikia ukuta wa mbele ukienda. Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa kama mtu mnene anayeketi. Kitinda mimba aliuliza kama msalaba nao umekwenda. Nikamwambia ndiyo.

Habari husafiri kwa boti haraka kuliko watu. Mjomba alifika kabla ya majira ya mvua kwisha, na safari hii jirani hakupiga kelele kutoka njiani. Alikuja ukingoni akasema kwa sauti ya kawaida, na bonde likaileta: "Yuko njiani. Ana shuka tatu mkononi."

Shuka tatu. Mtu huja na shuka kwa ajili ya watoto wanaosafiri kwenda kwenye baridi.

Tulifunga mlango. Nilisikia fimbo yake ikigonga mawe ya msingi wa zamani, pale mbele, moja baada ya jingine. Alikuwa anatembea mahali palipokuwa sebule. Alisimama. Kisha hatua zake zikaja nyuma, zikapita kijiti, zikafika.

"Hodi."

Mdogo wangu alikuwa amenishika mkono, jambo ambalo hakulifanya tena tangu sauti yake ibadilike.

"Hodi humu!"

"Karibu, mjomba," akasema kitinda mimba, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa.

Nilifungua. Alikuwa amelowa mpaka magotini. Aliniangalia, akaangalia nyuma yangu ndani ya chumba kimoja, kitanda, sufuria, samaki waliotundikwa kwenye boriti.

"Nilikuambia siku itaanguka," alisema.

"Haikuanguka, mjomba. Niliishusha mimi."

"Nimetoka kuona msingi. Kuta hakuna."

"Kuta zimekwenda. Nyumba njo hii. Mabati njo yaleyale. Mulango njo ule wa baba."

Sikulia, kwa kuwa alinikataza. Aliweka kiganja juu ya mlango. Nilimngoja aupige. Hakuupiga, alikiacha kiganja pale, kisha akainama akanusa mbao, kama tulivyofanya sisi kila siku tukidhani tunafanya peke yetu. Akaingia ndani, akapiga kuta. Akapiga zote nne, taratibu, na kwenye moja akapiga mara mbili. Hakuna kilichobanduka.

Aliketi juu ya kitanda. Kapu la maharage lilikuwa mgongoni mwake, hakulitua.

"Hapa watu wane hawawezi kulala," alisema mwishoni. "Mimi nitalala wapi?"

Alikaa nasi mpaka mvua zilipopungua. Alichimba mtaro mwingine juu ya chumba, uliojipinda, unaozunguka, na mtu mmoja alipopita na kusema mtaro umepinda, alimjibu kwa Kitabwa, lugha ya kwao, neno ambalo sitaliandika. Alituachia shuka tatu. Siku ya kuondoka alisimama mlangoni, fimbo mkononi, nikajua atakachosema kabla hajafungua kinywa.

"Nyumba ikisimama, mubaki. Siku itaanguka, nakuja."

"Ndiyo, mjomba."

Akashuka bandarini peke yake.

Avenyu haikujengwa. Bonde ndilo lililobaki, na watu wa pande mbili walizoea kuliita avenyu, na mpaka leo mgeni akiuliza njia wanamwambia ashuke avenyu, kisha wanacheka akifika ukingoni. Mdogo wangu alipata kazi bandarini. Kitinda mimba wetu anaishi Kirungu sasa, lakini alikwenda kwa kupenda kwake, mtu mzima, kuolewa, na mimi ndiye niliyembebea sanduku mpaka kwenye boti. Chumba cha jiko kiliongezwa, kikawa nyumba. Kila mwaka kabla ya mvua nakipaka udongo, ndani na nje. Na nikiona watu wenye chombo cha miguu mitatu wanapanda kilima, naacha ninachofanya, nakwenda kuweka mkono juu ya mlango.